Mizani ya dagaa iliyokwama kwenye kilo 24

Ilipima vizuri mpaka kilo 24, halafu ikagoma. Naweka kilo 30, inasoma 24. Naongeza tofali, 24. Nikabadilisha waya, nikalehemu upya, nikaweka chipu mpya. 24.

Mizani yenyewe aliniomba mama mmoja anayenunua dagaa hapa soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, Mwanza. "Mwanangu, nataka tu nijue ninachopakia kabla gari halijaondoka." Nikamwambia nipe wiki mbili. Kilichonichelewesha ni opampu, saketi ndogo ndani ya chipu inayokuza umeme hafifu, na naona fundi wengi wanakwama palepale.

Tuanze na kinachopima. Lodiseli ni kipande cha alumini kilichobandikwa rezista nne nyembamba; mzigo ukikipinda kidogo, rezista zinabadilika. Yangu ni ya kilo 40 na hutoa milivolti 2 kwa kila volti unayoilisha. Ukiilisha volti 5, mzigo wote wa kilo 40 unakupa milivolti 10 tu. Kilo moja ya dagaa ni robo ya milivolti. Huwezi kuisoma hiyo bila kuikuza.

Opampu ina miguu miwili ya kuingizia, wa chanya na wa hasi, na mmoja wa kutolea. Inatazama tofauti iliyopo kati ya ile miwili na kuikuza. LM324 niliyoanza nayo, chipu yenye opampu nne ndani, hukuza mara 100,000 hivi. Namba hiyo ni kubwa lakini haina uaminifu: chipu mbili za pakiti moja hazilingani, na joto likipanda inabadilika. Dawa yake ni kurudisha sehemu ya kinachotoka kwenye mguu wa hasi, ili opampu ijirekebishe yenyewe. Unapoteza ukuzaji mwingi, na unaobaki unaamuliwa na rezista ulizochagua. Rezista ambayo kosa lake halizidi asilimia 1 unaijua, chipu huijui.

Wazo hilo la mrejesho hasi alilipata Harold Black, mhandisi wa Bell Labs, tarehe 2 Agosti 1927 akiwa kwenye kivuko cha mto Hudson akienda kazini. Aliuchora mchoro juu ya ukurasa wa gazeti la New York Times. Kila nikivuka na kivuko cha Kamanga kwenda Sengerema namkumbuka, na huwa nina daftari mkononi.

Sasa saketi yangu. Nilitumia opampu tatu kati ya nne za LM324. Mbili za mbele zinapokea nyaya mbili za lodiseli, ya tatu inatafuta tofauti kati ya hizo mbili. Rezista za mrejesho za mbele zilikuwa kiloomu 15 kila moja, na katikati yake omu 100. Ukuzaji ni 1 + 30,000/100, yaani 301. Milivolti 10 zinakuwa volti 3. LM324 ikilishwa volti 5 hutoa mpaka volti 3.5 hivi, kwa hiyo niliona nafasi ipo.

Nafasi haikuwepo. Nyaya zote mbili za lodiseli hukaa karibu na volti 2.5, nusu ya umeme unaoilisha. Ili opampu mbili za mbele zitofautiane kwa volti 3, moja lazima ipande mpaka 4 na nyingine ishuke mpaka 1. Ya juu inagonga dari kwenye 3.5, na ikigonga, zote mbili zinaganda. Hapo tofauti ni volti 2, sawa na kilo 26 na ushee. Mimi nilikuwa napima mguu wa mwisho tu, nakuta volti 2, naona salama. Ukikuta saketi imeganda, peleka mita kwenye kila mguu wa kutolea, hata ule usioushuku.

Nikaugawa ukuzaji: mbele mara 21 kwa kuweka kiloomu 1.5 katikati, nyuma mara 15 kwa kiloomu 10 na 150. Kilo 40 zikasomeka.

Lakini kwa nini ilikwama 24 na siyo 26? Opampu ina kosa la sifuri: hata miguu miwili ikiwa sawa, yenyewe inaona tofauti ndogo, na kwangu ilikuwa imekula nafasi ya kilo mbili hivi kabla sijapakia chochote. Kwa LM324 inaweza kufika milivolti 7, na kwenye mizani hii hizo ni kilo 28! Kosa lililotulia unalifuta kwa kubonyeza sifuri. Linalohama na joto hulifuti. Kwa kawaida linahama mikrovolti 7 kwa kila nyuzi moja. Boksi la mizani likitoka ubaridi wa alfajiri pale mwaloni na kupanda nyuzi 10 tu, zimeingia gramu 280 ambazo hakuna aliyezivua.

Hapo niliiacha LM324. Kwenye opampu za mbele nimeweka OPA2333, inayojisahihisha sifuri yenyewe ndani kwa ndani. Kuhama kwake hakuzidi mikrovolti 0.05 kwa nyuzi, yaani gramu 2 kwa nyuzi hizohizo 10. Chipu yenyewe ni ndogo, inahitaji mkono uliotulia kuilehemu, na usisahau kapasita ya nanofaradi 100 karibu kabisa na mguu wake wa umeme.

Mama anaitumia kujihakikishia mzigo wake tu. Ya kuuzia ni lazima ihakikiwe na kupigwa chapa na Wakala wa Vipimo, na yangu bado haijafika huko.