Apnia ya usingizi: dereva kalala usiku kucha, mbona bado anasinzia?

Apnia ya usingizi ni hali ya pumzi kukatika mtu akiwa amelala, kurudi, kisha kukatika tena, usiku kucha. Mkato huhesabiwa ukifika angalau sekunde 10. Aina iliyo ya kawaida zaidi husababishwa na koo kuziba. Mtu akilala, misuli ya koo hulegea, ulimi na kaakaa laini huangukia nyuma, na njia ya hewa hujibana hadi kufunga. Kifua huendelea kuhangaika kuvuta hewa, lakini haipiti. Oksijeni ikishuka kwenye damu, ubongo hushtuka na kukaza misuli ya koo, hewa huingia kwa kishindo cha mkoromo, na mtu hurudi usingizini bila kujua kwamba aliamka.

Ndiyo maana dereva mwenye tatizo hili ataapa kwamba alilala fofofo tangu saa tatu usiku hadi alfajiri, naye hasemi uongo. Hospitalini huhesabiwa mara ambazo pumzi hukatika au kupungua sana katika kila saa ya usingizi: 5 hadi 14 ni hafifu, 15 hadi 29 ni ya kati, 30 na kuendelea ni kali. Mwenye 30, akilala kwa muda wa saa 8, ameshtuliwa mara 240. Sheria ya trafiki ya Kenya inamkataza dereva wa gari la biashara kuendesha kwa zaidi ya saa 8 katika kila saa 24, na ni sheria nzuri, lakini mtu huyu anaweza kuifuata kikamilifu na bado akashika usukani akiwa kama aliyekesha.

Barabarani hali hii hujitokeza kama usingizi wa sekunde chache, macho yakiwa yamefumba au hata wazi. Lori linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde, hivyo sekunde 4 ni karibu mita 90 bila dereva. Saa za hatari zaidi ni kati ya saa nane usiku na alfajiri, tena mchana baada ya chakula. Ajali za namna hii mara nyingi hazina alama za breki kwenye lami, maana aliyelala hakanyagi breki.

Shahidi bora ni utingo, au tanboi kama wanavyosema Kenya, anayelala kabini moja na dereva. Amsikilize kwa dakika kumi: mkoromo mkubwa, kimya cha ghafla huku kifua kikihangaika, kisha mguno kama wa mtu aliyepaliwa. Arekodi kwa simu. Sauti hiyo itamsaidia daktari kuliko maelezo marefu. Si kila anayekoroma ana apnia. Kimya kile ndicho cha kuogopa. Dalili nyingine ni kuumwa kichwa asubuhi, kuamka mara kwa mara kukojoa, mdomo kukauka, na shinikizo la damu lisilotulia kwa dawa. Unene huongeza hatari, na shingo pia inafaa kupimwa kwa futi ya fundi cherehani: kwa mwanamume, zaidi ya sentimita 43 ni sababu ya kwenda kupimwa. Lakini hata watu wembamba huugua.

Muone daktari wa masikio, pua na koo au wa kifua. Kipimo ni kulala usiku mmoja ukiwa na mrija mdogo puani, mkanda kifuani na kifaa cha kupima oksijeni kidoleni. Vifaa vingine huweza kutumika nyumbani.

Kufungua dirisha, kupandisha muziki, kahawa na mirungi haviondoi deni la usingizi. Mirungi ina ubaya zaidi, kwa sababu humfanya dereva ajione macho na baadaye humnyima hata usingizi kidogo ambao angeupata. Ukisikia kope nzito, egesha mahali salama, lala dakika 15 hadi 20, ukiamka subiri robo saa nyingine kichwa kitulie. Hiyo ni huduma ya kwanza tu.

Tiba inayotumika zaidi kwa apnia kali ni mashine ya CPAP, inayosukuma hewa kupitia barakoa ili koo lisifunge. Kupunguza uzito, kulala ubavu na kuacha pombe jioni husaidia sana, lakini mwenye apnia kali asivitegemee peke yake.

Ndani ya lori mashine hii ina mambo yake. Malori mengi hutumia umeme wa volti 24, na mashine nyingi huhitaji adapta yake maalumu. Ukibahatisha volti utaiunguza. Sehemu yake ya kupasha maji ya kuipa hewa unyevu hula betri, hivyo izime injini ikiwa imezimwa. Vumbi la barabarani huziba kichujio haraka, kikague kila wiki. Barakoa ikivujisha hewa machoni, rekebisha mikanda ukiwa umelala chali, si umekaa, kwa kuwa uso hubadilika umbo ukilala. Wengi huivua usiku wa manane na kuitupa pembeni, na kuanzia dakika hiyo koo hurudi kufunga kama zamani, hata kama nusu ya kwanza ya usiku ilikwenda vizuri.