Skii ya moguli: ustadi wake, na gharama yake kwa goti linalozeeka

Skii ya moguli ni aina ya mchezo wa kuteleza kwenye theluji ambapo mtu hushuka mteremko mkali uliojaa vilima vidogo vilivyobanana, akipinda kushoto na kulia mfululizo bila kusimama, huku miguu yake ikikunjika na kukunjuka kufuata umbo la theluji iliyo chini yake. Kila kimoja cha vilima hivyo huitwa moguli. Vingine humfikia mtu mzima magotini, vingine hukaribia kiuno, na kati ya kilima na kilima kuna kibonde ambamo theluji laini imekwanguliwa ikabaki ile ngumu. Makala haya yanaeleza ustadi huo ni nini hasa, na kwa nini watu wengi walioupenda tangu ujana huanza kuyasikia magoti yao wanapovuka umri wa miaka 50.

Katika miteremko ya kawaida hakuna anayevijenga vilima hivi. Mtelezaji anapopinda, kingo za skii zake, yaani zile mbao ndefu nyembamba zilizofungwa miguuni, hukwangua theluji na kuisukuma pembeni. Anayemfuata hupinda palepale kwa sababu ndipo njia ilipokwisha kuchongwa, na baada ya siku kadhaa bila mashine ya kusawazisha kupita, mteremko mzima huwa umejaa vilima na vibonde. Jambo la kushangaza ni kwamba vilima hivyo husogea kuelekea juu ya mlima. Katika eneo la Winter Park, jimbo la Colorado nchini Marekani, watafiti waliovifuatilia msimu mzima walikuta vinapanda kwa takriban sentimita 8 kwa siku, kwa sababu kila mtelezaji huondoa theluji upande wa chini wa kilima kimoja na kuirundika upande wa juu wa kilima kinachofuata, kwa hiyo theluji yenyewe inashuka huku umbo la kilima likipanda. Maeneo yanayowavutia wapenzi wa mchezo huu, kama Mary Jane hapo hapo Winter Park na mteremko wa Outer Limits ulioko Killington, Vermont, huacha baadhi ya miteremko yao bila kusawazishwa kwa makusudi.

Kama mashindano, skii ya moguli ilichipuka kutoka mtindo huru wa vijana wa Marekani na Ulaya wa miaka ya 1960 na 1970, waliochoshwa na kanuni za skii ya mbio. Ilionyeshwa kwenye Olimpiki ya Calgary mwaka 1988 bila medali rasmi, na medali za kwanza zilitolewa Albertville, Ufaransa, mwaka 1992, ambapo Edgar Grospiron wa Ufaransa alishinda kwa wanaume na Donna Weinbrecht wa Marekani kwa wanawake. Msomaji wa Afrika Mashariki anayemkumbuka Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyekulia Austria na kuiwakilisha Kenya huko Pyeongchang mwaka 2018, atambue kwamba yeye alishindana katika skii ya Alpine, yaani mbio za kupita kati ya milango kwenye mteremko uliosawazishwa, na huo ni mchezo mwingine.

Njia ya mashindano ya moguli ina urefu wa kati ya mita 200 na 270, na mwinamo wake ni wa nyuzi 28 hivi. Ndani yake kuna sehemu mbili za kuruka hewani, na mshindani hupewa alama zisizozidi 100: 60 kwa ubora wa kupinda, 20 kwa mruko na 20 kwa kasi. Mgawanyo huo unaeleza mengi. Mtazamaji wa televisheni huvutiwa na mruko, lakini majaji wametenga zaidi ya nusu ya alama kwa ajili ya yale yanayotokea kati ya kiuno na theluji. Vilima vikiwa vimeachana kwa mita 3 au 4, na washindani wakubwa kama Mikaël Kingsbury wa Kanada wakimaliza njia nzima kwa chini ya nusu dakika, ina maana kwamba magoti yao hukunjwa na kukunjuliwa zaidi ya mara mbili kila sekunde.

Kiini cha ustadi huu ni kumeza mgongano kwa miguu. Skii zinapogusa upande wa juu wa kilima, mtelezaji hulegeza magoti na nyonga ili miguu ipande kuelekea kifuani huku kichwa na mabega vikibaki katika kimo kilekile. Akivuka kilele, huinyoosha miguu haraka kuelekea kibonde kinachofuata ili skii zisiachane na theluji, kwa maana skii iliyo hewani haiwezi kupinda wala kupunguza kasi. Kifua huelekea chini ya mlima wakati wote. Mikono hukaa mbele, na fimbo huguswa kidogo kwenye kilima kinachokuja kuashiria kona mpya, nayo macho hutazama vilima viwili au vitatu mbele badala ya kile kilicho miguuni. Mtelezaji mzuri huonekana kana kwamba mwili wake umegawanyika sehemu mbili, ya juu imetulia na ya chini inafanya kazi bila kupumzika.

Anayeanza hufanya kinyume chake, na sababu ni hofu. Mteremko unapomtisha huegemea nyuma, akaketi juu ya visigino, skii zikamtangulia. Kosa hili lina uzito wa kipekee kwa goti. Watafiti wa Vermont waliochunguza ajali za skii kwa miaka mingi walionyesha kwamba majeraha mengi ya goti hutokea mtu akiwa ameketi nyuma hivyo, nyonga zikiwa chini kuliko magoti na uzito wote ukiwa kwenye ukingo wa ndani wa skii moja: mkia wa skii hukamata theluji na kuwa wenzo unaolipindua goti, na ligamenti ya mbele iliyo katikati ya kiungo, yaani ukano unaofunga mfupa na mfupa, hukatika. Kwa hiyo mkao ambao makocha huukemea kwa sababu unaharibu kona ndio huohuo unaowapeleka watu kwenye chumba cha upasuaji.

Ili kuelewa gharama ya mchezo huu, inafaa kulitazama goti lenyewe. Fupa la paja na muundi hukutana bila kushikana kama mpira na kikombe inavyokuwa kwenye nyonga. Vimewekwa kimoja juu ya kingine, na kinachovizuia visitelezeane ni ligamenti nne kubwa pamoja na misuli inayozunguka. Ncha za mifupa zimefunikwa na gegedu laini, yaani tishu nyororo inayozuia mifupa isisuguane, na kati yake kuna meniski mbili zenye umbo la mwezi mchanga, ambazo hutawanya uzito ili usikae mahali pamoja. Gegedu halina mishipa ya damu. Hupata lishe kutoka kwenye ute wa kiungo, unaoingia na kutoka ndani yake kadiri goti linavyobanwa na kuachiwa, na ndiyo sababu likiharibika haliponi vizuri kama mfupa unavyopona.

Kazi kubwa katika moguli hufanywa na misuli ya mbele ya paja, tena kwa namna inayochosha kuliko zote: msuli unakaza huku ukirefushwa, ukiufunga mwili breki. Yeyote aliyeshuka Kilimanjaro kwa njia ya Mweka anayajua mapaja yanayotetemeka jioni ile, kwa kuwa kushuka hutumia msuli kwa namna hiyohiyo. Tofauti ni kwamba mtelezaji anafanya hivyo kwa sekunde chache zenye nguvu kubwa, akiwa amekunja goti sana. Goti likikunjwa likiwa na mzigo, msuli wa paja huivuta pia ya goti na kuibana dhidi ya fupa la paja, na mbano huo huongezeka kadiri mkunjo unavyozidi. Msuli ukiwa na nguvu, humeza mgongano kabla haujafika kwenye kiungo. Msuli ukichoka, mgongano uleule huangukia gegedu, meniski na mfupa, na hapo ndipo kona ya mwisho ya siku inapokuwa ya hatari kuliko ya kwanza.

Umri huingilia kati hapo. Kuanzia miaka ya 30 mwili hupoteza kati ya asilimia 3 na 8 ya misuli kila miaka 10, na upotevu huo huongezeka kasi baada ya miaka 60. Meniski hupungua unyumbufu, hata inaweza kuchanika kwa kuchuchumaa tu bila ajali yoyote. Mwitikio wa neva hupungua kasi, na katika mchezo unaotaka uamuzi zaidi ya mara mbili kwa sekunde, kuchelewa kidogo kunatosha kumwacha mtu nyuma ya skii zake. Aliyewahi kujeruhiwa ana mzigo wa ziada: uchunguzi wa watu waliokata ligamenti ya mbele au kuchana meniski ujanani unaonyesha kwamba takriban nusu yao huwa na dalili za kuchakaa kwa kiungo baada ya miaka 10 hadi 20. Kizazi cha miaka ya 1970 kilipata hasara maradufu, kwa sababu wakati huo ilikuwa desturi ya madaktari kuiondoa meniski yote iliyochanika. Siku hizi hujitahidi kuishona au kukata kipande kidogo tu, baada ya kubainika kwamba goti lisilo na meniski huchakaa mapema.

Hata hivyo, sikubaliani na usemi unaorudiwa mara kwa mara kwamba kila moguli hula kipande cha goti. Gegedu linahitaji mzigo ili lilishwe. Kiungo kisichotumika hudhoofu nacho. Kinachoharibu kwa uhakika zaidi ni majeraha, kutua vibaya baada ya kuruka, misuli dhaifu, na vilima vilivyoganda vikawa kama mawe. Mtu wa miaka 60 asiyewahi kuumia, mwenye mapaja imara na mwili usio na uzito wa ziada, anaweza kuwa na magoti yenye afya kuliko mshindani mstaafu wa miaka 35. Picha ya eksirei nayo haisemi yote, kwa kuwa wapo wenye picha mbaya wasiosikia maumivu, na wapo wanaoumia ilhali picha inaonyesha kidogo sana.

Wanaoendelea na moguli wakiwa na umri mkubwa kwa kawaida hubadilisha njia. Kijana hushuka moja kwa moja, akipiga kilima baada ya kilima kwenye mstari ulionyooka, na njia hiyo humrudishia magotini kila mgongano. Mzee mwenye busara huchora kona za mviringo, hupinda akiwa juu ya kilele ambapo skii hugeuka kwa urahisi, kisha huteleza kwa upande kwenye mgongo wa kilima ili apunguze kasi kabla ya kukutana na kingine. Huacha kuruka. Hupumzika katikati ya mteremko kabla mapaja hayajawaka moto, na huchagua saa: siku za machipuko, theluji iliyoganda usiku huwa katili asubuhi na hulainika kufikia adhuhuri, kwa hiyo kusubiri saa mbili tu hubadilisha kabisa uzito wa kila mgongano.

Maandalizi huanza miezi kadhaa kabla ya msimu, na hapa ndipo naona watu wengi wanapojidanganya, wakidhani kuteleza kwenyewe kutawapa nguvu. Mazoezi ya kuchuchumaa na kuinuka, kushuka ngazi polepole kwa mguu mmoja, na kuimarisha misuli ya nyuma ya paja pamoja na nyonga ndiyo yanayolinda goti. Uzito nao una hesabu yake: utafiti wa wazee wenye magoti yaliyochakaa ulionyesha kwamba kila kilo moja inayopungua mwilini huliondolea goti takriban kilo 4 za mzigo kwa kila hatua ya kutembea.

Vifungo vinavyoshikilia kiatu kwenye skii vinastahili kuangaliwa pia. Jedwali linalotumiwa na mafundi kuvirekebisha huzingatia uzito, kimo, urefu wa soli, ustadi na umri, na kwa mwenye miaka 50 au zaidi huelekeza viachie mapema zaidi. Wapo wanaoudanganya umri wao kwa fundi kwa sababu ya fahari, jambo ambalo halina faida yoyote. Ni vyema kujua vilevile kwamba vifungo hivi vilibuniwa hasa kulinda muundi usivunjike, na katika hilo vimefanikiwa sana. Uwezo wao wa kulinda ligamenti za goti ni mdogo.

Goti linalovimba siku inayofuata, linalokwama katikati ya mkunjo au linalolegea ghafla mtu akitembea, linahitaji daktari kabla ya kurudishwa mlimani, na dawa za kutuliza maumivu zisitumiwe ili kuficha dalili hizo kwa siku moja zaidi ya mchezo. Kwa waliokwisha kubadilishiwa goti, madaktari wengi wa mifupa huwaruhusu wazoefu kurudi kwenye miteremko iliyosawazishwa kwa mwendo wa wastani, lakini huwashauri waache moguli. Sehemu za chuma za goti bandia hutenganishwa na kipande cha plastiki ngumu ambacho hulika kwa migongano, na mfupa unaozishikilia unaweza kuvunjika kwa anguko moja, hali ambayo upasuaji wake ni mgumu kuliko ule wa kwanza.