Mizunguko 3000 peke yake haitoshi

Kijana anayeanza kazi maabara akiniuliza, "Damu niizungushe kwa kasi ngapi?", namwambia achukue rula kwanza.

Damu ukiiacha wima kwenye tyubu, chembe nyekundu zitashuka zenyewe. Mililita moja ya chembe hizo ina uzito wa kama gramu 1.10, ya plazima, yaani majimaji ya damu, kama gramu 1.025. Tofauti ni ndogo mno, kwa hiyo zinashuka taratibu, na mgonjwa anasubiri majibu. Sentrifuji, mashine ya kuzungushia tyubu, inaharakisha tu safari hiyo. Tyubu ikizungushwa, kilichomo ndani kinasukumwa upande wa nje, kama abiria anavyobanwa dirishani basi likikata kona kwa kasi. Kizito kinafika kwenye kitako, chepesi kinabaki juu.

Nguvu hiyo tunaipima kwa g, yaani mara ngapi ya mvutano wa dunia. Inategemea kasi na pia nusu kipenyo, umbali kutoka katikati ya mhimili hadi kwenye kitako cha tyubu. Hapo ndipo wengi wanapokosea, na sisi tulikosea. Mashine yetu ya zamani ilikuwa na nusu kipenyo cha sentimita 12. Ilipoharibika tukaletewa ndogo, ya sentimita 8, tukaiweka mizunguko 3000 kwa dakika, ileile tuliyoizoea. Tyubu za kifuniko cha njano zikatoka na jeli iliyolala upande, chembe zimepenya hadi kwenye seramu, yale majimaji yanayobaki damu ikishaganda.

Jeli hiyo naipenda sana. Imetengenezwa iwe nzito kuliko seramu na nyepesi kuliko chembe, hivyo ikisukumwa vya kutosha inapanda yenyewe na kuziba katikati kama kizibo. Isiposukumwa vya kutosha haizibi, na chembe zinazoendelea kugusana na seramu huila glukosi, kisha baadaye huvujisha potasiamu. Daktari anaweza kusoma potasiamu iliyopanda kwa mtu ambaye potasiamu yake mwilini haina tatizo lolote.

Hesabu yake ni hii: 0.00001118 mara nusu kipenyo kwa sentimita, mara kasi (mizunguko kwa dakika), mara kasi tena. Mashine ya zamani ilitupa g 1200 hivi. Ndogo ilitupa g 800 tu, wakati tyubu zile zinataka 1000 hadi 1300. Tulipopandisha hadi mizunguko 3660 kwa dakika, tukazungusha kwa muda wa dakika 10, jeli ikakaa sawa. Angalia pia kwamba kasi inazidishwa kwa kasi yenyewe: ukiongeza kasi maradufu, nguvu inakuwa mara nne. Usipandishe kwa kubahatisha.

Kila tyubu iwe na mwenzake anayeikabili, wa uzito uleule. Ukiwa na sampuli moja, jaza maji kwenye tyubu nyingine ya aina hiyohiyo. Mashine ikianza kutetemeka na kutembea mezani, izime.

Damu ya seramu iache dakika 30 igande kabla ya kuizungusha. Ukimaliza kuzungusha, ngoja rota, sehemu inayobeba tyubu na kuzunguka, isimame yenyewe. Ukiishika kwa mkono, mbali na kuumia, utavuruga kilichokwisha kutulia. Kwenye tyubu ya kifuniko cha zambarau, ambayo haina jeli, inue mbele ya dirisha taratibu: wekundu chini, juu yake utando mweupe mwembamba kama wa maziwa, ndizo chembe nyeupe na chembe sahani, kisha plazima ya njano iliyotakata.