Swichi yenye taa: iwake kabla ya mkono au baada yake?

Wazazi wa watoto wenye mtindio wa ubongo wakija kuniuliza kuhusu swichi za kuendeshea midoli na vifaa, zile zenye taa, huanza na rangi: tuchukue nyekundu au ya njano? Mimi naanza na jambo jingine: taa yake inawaka lini? Kuna swichi inayokaa giza hadi ibonyezwe, ndipo iwake. Kuna nyingine inayowaka muda wote ikimwita mtoto, kisha ikibonyezwa inazimika. Kwa macho ya mnunuzi zinafanana. Kwa mtoto mwenye uoni hafifu zinatofautiana mno.

Kwa asiyezijua, swichi hizi ni vitufe vikubwa vinavyounganishwa na mdoli wa betri, redio au kifaa chenye maneno yaliyorekodiwa, ili mtoto ambaye vidole havimtii aendeshe kitu kwa kiganja, goti au kichwa. Swichi iitwayo Big Red ya kampuni ya AbleNet, kwa mfano, ina uso wa sentimita 12.7 hivi, Jelly Bean ni nusu yake. Nyingi huchomekwa kwa pini ya milimita 3.5, ukubwa uleule wa pini ya spika za masikioni. Kazi ya pini hiyo ni kuunga na kukata tu, haileti umeme wa taa. Ndiyo maana swichi yenye taa huhitaji betri zake yenyewe.

Watoto wengi ninaowahudumia macho yao ni mazima. Kilichoumia ni ubongo: kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, manjano makali ya uchangani, homa ya uti wa mgongo, malaria iliyopanda kichwani. Daktari anamulika jicho, haoni kasoro, na mama anarudi nyumbani na swali lilelile alilokuja nalo. Mtaalamu wa Marekani, Christine Roman-Lantzy, ameeleza sifa 10 za uoni wa aina hii. Chache kati ya hizo ndizo zinazoniamulia swichi.

Mojawapo ni kuchelewa. Unamwonyesha mtoto kitu, sekunde zinapita, ndipo jicho linatua. Taa inayowaka kwa muda ule tu kitufe kimebonyezwa huwa imezimika kabla hajaipata.

Nyingine, ambayo watu huielewa vibaya sana: mtoto anatazama, anageuza uso, kisha ndipo ananyoosha mkono. Shangazi aliyekaa pembeni atasema, "Hataki huyu." Anataka! Kutazama na kunyoosha mkono kwa wakati mmoja ni mzigo mkubwa kwa ubongo wake, kwa hiyo anavifanya kimoja baada ya kingine. Sasa fikiria swichi inayowaka anapoigusa: taa inawaka mbele, uso uko upande mwingine. Kwa mtoto huyu nachagua taa inayowaka kabla, imwonyeshe pa kupeleka mkono, na jibu la kubonyeza liwe sauti au mtetemo. Nampa muda, nami nakaa kimya. Kumsemesha huku anatafuta kwa macho kunamvuruga.

Lakini yupo pia mtoto anayekodolea taa. Balbu, dirisha, popote penye mwanga ndipo anapoganda. Ukimwekea swichi inayowaka muda wote, ataitazama tu na mkono hautasogea. Kwake swichi iwe haina taa, yenye rangi kali, na mwanga uhamie kwenye kitu anachokiendesha: abonyeze hapa, taa iwake kule.

Rangi nayo ina nafasi yake. Nyekundu na njano huwavuta wengi, ila ninaiamini zaidi familia: kikombe gani hukifuata kwa macho? Kisha angalia chini ya swichi. Khanga yenye maua ikitandikwa mezani inaimeza swichi nzima. Tandika kitambaa cheusi kisichong'aa.

Kuna swali ninaloliuliza kabla ya kuwasha chochote: ana kifafa, au amewahi kupata degedege? Watoto wenye ubongo ulioumia mara nyingi wanacho, na baadhi ya watu wenye kifafa huamshiwa kifafa na mwanga. Sikubali taa ya kumetameta. Mimweko inayozidi mitatu kwa sekunde ni hatari, na nyekundu iliyokolea huwa na hatari zaidi. Taa itulie.

Mtoto mwenye ualbino ni habari nyingine kabisa. Mwanga mkali unamuumiza, kwa hiyo mpe swichi isiyo na taa, yenye rangi inayoachana vizuri na meza. Asiyeona hata mwanga, bandika msasa laini juu ya kitufe au tafuta kinachotetema.

Zilizotengenezwa nje ni ghali, na fundi redio wa mtaani anaweza kukuundia. Kitufe cha mashine za michezo chenye taa ndani kinafaa, kwa sababu ncha za taa na za swichi zimetenganishwa. Msisitize fundi asiziunganishe, umeme wa taa usije ukaingia kwenye kifaa. Akikuwekea betri bapa za duara, mfuniko ufungwe kwa skrubu: ikimezwa na kukwama kooni, inaweza kuunguza umio ndani ya saa 2.