Kitenzi kikuu na kitenzi kisaidizi katika Kiingereza

Tazama sentensi "She was reading", yaani "Alikuwa anasoma". Tendo lenyewe ni kusoma, kwa hiyo "reading" ndicho kitenzi kikuu. "Was" ni kisaidizi: kinatujulisha kwamba jambo lilikuwa likiendelea wakati uliopita. Mpaka hapo lugha hizi mbili zinakwenda pamoja. Zinapoachana ni hapa: Kiswahili kinaweka nafsi na njeo kwenye vitenzi vyote viwili, a-li-kuwa, a-na-soma. Kiingereza hukitwika mzigo huo kitenzi cha kwanza peke yake. Ukitenga "reading", huwezi kujua ni nani wala ni lini. Makosa mengi ya wanafunzi chanzo chake ni kuubeba mzigo huo mara mbili.

Visaidizi vyenyewe ni vichache. Kuna "be", "have" na "do" pamoja na maumbo yao, kisha kuna vile visivyobadilika kwa kufuata nafsi: can, could, may, might, shall, should, will, would, must. Kila kisaidizi huamua umbo la kitenzi kinachokifuata. Baada ya "can" na wenzake, kitenzi hubaki tupu: "She can swim", si "can swims" wala "can to swim". "Have" hutaka umbo la tatu, yaani lile la mwisho katika "go, went, gone": "has gone", kamwe si "has went". "Be" hutaka -ing kwa tendo linaloendelea, "is writing", au umbo la tatu kwa kauli ya kutendwa, "was written". Vikipangana foleni, kanuni ni ileile: katika "might have been sleeping", "might" imeacha "have" tupu, "have" imeleta "been", na "been" imeleta "sleeping". Kitenzi kikuu hukaa mwisho wa foleni.

"Do" ndiyo inayosumbua zaidi. Sisi hukanusha ndani ya kitenzi chenyewe: alikwenda, hakwenda. Kiingereza cha leo hakiwezi hivyo. "Not" lazima ipate kisaidizi cha kuegemea. Sentensi "He went" haina kisaidizi, basi "do" huazimwa: "He did not go". "Did" imekwisha kuchukua wakati uliopita, ndiyo maana "go" imebaki tupu, na "did not went" ni kosa. Katika swali kisaidizi hutangulia mtenda: "Does she work?" Ile -s ya "works" imehamia kwenye "does", haiandikwi tena nyuma.

Usikariri orodha ukadhani umemaliza, maana neno moja hucheza pande zote mbili. Katika "She has a car", "has" ni kitenzi kikuu, maana yake anamiliki. Katika "She has bought a car" ni kisaidizi tu. "Did you do it?" ina "do" mbili, ya kwanza kisaidizi, ya pili kikuu.

"Be" nayo ina ukaidi wake. Katika "They are tired" hakuna kitenzi kingine, hivyo "are" ni kikuu, jirani wa "ni" yetu. Hata hivyo huuliza swali kama kisaidizi: "Are they tired?", bila "do". Isipokuwa katika katazo: hapo husemwa "Don't be late".