Chunusi Nyeupe: Si Uchafu wala Si Damu Chafu

Kijana anapotokwa na vipele vidogo vyeupe kwenye paji la uso au kidevuni, aghalabu huambiwa kwamba hanawi uso sawasawa. Lawama hiyo haina msingi. Chunusi nyeupe huanzia ndani ya kinyweleo, mahali ambapo povu la sabuni halifiki: seli zilizokufa, badala ya kupukutika na kutoka nje, hugandamana na mafuta yanayotengenezwa na tezi za ngozi na kuziba tundu, huku juu yake pakiwa pamefunikwa na utando mwembamba wa ngozi. Weupe unaoonekana ni wa mchanganyiko huo, wala si usaha, na ndiyo maana kipele cha aina hii kwa kawaida hakiumi. Tundu likiwa wazi, mchanganyiko uleule hugeuka mweusi, na hata weusi huo hauletwi na vumbi. Kwa hiyo kusugua uso kwa dodoki au kwa sabuni ya kufulia hakuzibui kitu. Huchubua ngozi tu. Kunawa mara mbili kwa siku kwa sabuni isiyo kali kunatosha.

Wengine husema ni damu chafu, na wauzaji wa dawa za kuisafisha hawakosi wateja. Ukweli ni kwamba tezi huchochewa kutoa mafuta mengi na homoni za jamii ya androjeni, ambazo wanaume na wanawake wote wanazo na ambazo huongezeka wakati wa kubalehe. Mabadiliko ya homoni ndiyo pia yanayofanya baadhi ya wanawake watokwe na chunusi siku chache kabla ya hedhi. Ile kauli ya kwamba zitaisha kijana akioa au akiolewa imepata nguvu kwa sababu tu umri wa ndoa hufuata ule wa kubalehe, na chunusi za wengi hupungua zenyewe katika miaka hiyo.

Dhana inayoleta madhara zaidi, kwa maoni yangu, ni ile ya kwamba uso usiong'aa kwa mafuta ni uso usiotunzwa. Mwaka 1970 madaktari wa ngozi nchini Marekani walieleza aina ya chunusi waliyoiona kwa wanaume weusi waliokuwa wakipaka mafuta mazito ya nywele: vipele vidogo, vingi, vya rangi ya ngozi au vyeupe, vilivyojipanga kwenye paji la uso na pembeni karibu na nywele. Mpangilio huohuo unaonekana leo kwa msichana aliyesuka na kupakwa mafuta kwenye mistari, kisha jua likayayeyusha yakachuruzika hadi usoni. Mafuta ya nazi na ya kakao, ambayo hayana ubaya kwenye miguu iliyopauka, ni mazito mno kwa uso wenye chunusi.

Mkorogo na krimu zenye klobetasoli au betamethasoni, ambazo ni dawa kali za jamii ya steroidi, hudanganya kwa namna nyingine, kwani wiki za mwanzo uso hulainika, mtumiaji akasifiwa, kisha vipele vya ukubwa mmoja hufumuka kwa wingi, na akiacha krimu ghafla hali huzidi. Dawa ya meno na limau huunguza ngozi bila kuzibua tundu. Kutumbua kwa kucha husukuma ndani zaidi ule mchanganyiko ulioziba tundu, na kwenye ngozi nyeusi huacha alama zinazoweza kukaa kwa miezi.

Tiba yenye ushahidi mzuri ni krimu za jamii ya retinoidi, mathalani adapaleni ya asilimia 0.1, ambazo huzuia seli kugandamana. Hupakwa usiku, kiasi cha punje moja ya njegere kwa uso mzima na si juu ya kipele kimoja kimoja, kwa kuwa vinyweleo vingine huwa vimekwisha kuanza kuziba wiki kadhaa kabla ya chochote kuonekana. Mwanzoni ngozi hukauka na kubambuka, na chunusi zinaweza hata kuongezeka. Hapo ndipo wengi huacha na kutangaza kwamba dawa imewakataa, ilhali matokeo hupimwa baada ya wiki 8 hadi 12. Ni afadhali kuanza kwa kupaka usiku mmoja na kuruka mmoja. Mjamzito asitumie retinoidi. Asidi ya azelaiki ya asilimia 15 hadi 20 ni mbadala wake, nayo husaidia pia kufifisha alama nyeusi. Asidi ya salisiliki ya asilimia 2 huwafaa wenye vipele vichache. Vidonge vya antibayotiki, ambavyo watu hujinunulia dukani, havina kazi kwa chunusi nyeupe peke yake. Miezi 3 ikipita bila nafuu, au vipele vikianza kuuma na kuacha mashimo, mgonjwa amwone daktari wa ngozi, akiwa na mafuta na krimu zote anazotumia.