Kusi Likikukuta Katikati ya Kozi: Jinsi ya Kuongeza Muda wa Mafunzo ya Kupiga Mbizi

Kila mwaka masika yakianza, maombi ya aina moja huanza kumiminika vituoni. Mwanafunzi amesoma nadharia mtandaoni, pengine ameshaingia bwawani mara mbili tatu, halafu mvua zimekatisha, kusi limefuata, na tarehe ya mwisho ya kozi iko mlangoni. Anaomba aongezewe muda. Shirika la mafunzo likiombwa mapema na kwa taarifa kamili, mara nyingi huongeza. Tatizo ni kwamba tarehe hiyo ni moja tu kati ya tatu, na ukiisogeza moja, nyingine mbili hubaki palepale.

Nitumie kozi ambayo wengi huanzia, Open Water Diver ya PADI, shirika la kimataifa la mafunzo ya kupiga mbizi. Ina sehemu tatu: nadharia, ambayo siku hizi husomwa mtandaoni na kumalizika kwa mtihani, mizamio mitano ya mazoezi bwawani au kwenye maji tulivu, na mizamio minne baharini. Nadharia husomwa popote penye simu na intaneti. Sehemu mbili zilizobaki hazina mbadala wa mtandaoni. Mkufunzi lazima awe majini na mwanafunzi na aone kwa macho yake jinsi anavyotoa maji kwenye maski.

Sasa zile tarehe. Ya kwanza ni ya akaunti ya masomo: mara nyingi ni mwaka mmoja, lakini hutofautiana kwa shirika na kwa aina ya kozi, kwa hiyo itazame kwenye akaunti yenyewe, usiikisie. Ya pili ni ya fomu ya afya, ambayo huhesabiwa miezi 12 tangu siku iliyosainiwa. Ya tatu ni ya fomu ya uhamisho, anayopewa mwanafunzi aliyefanya sehemu ya kozi kituo kimoja akaenda kumalizia kingine. Hiyo nayo ni miezi 12 tangu hatua ya mwisho aliyoikamilisha.

Chukua mwanafunzi wa Nairobi aliyefungua akaunti tarehe 10 Januari, akasaini fomu ya afya 18 Februari, akafanya mazoezi ya mwisho ya bwawani 5 Aprili, akapanga kumalizia Watamu. Bahari ikachafuka. Anaomba akaunti isogezwe hadi mwisho wa Machi mwaka unaofuata, anakubaliwa, anakata tiketi ya tarehe 1 Machi. Akifika, akaunti iko hai na fomu ya uhamisho iko hai, lakini fomu ya afya ilikufa siku 11 nyuma. Kama majibu yake yote kwenye maswali 10 ya ukurasa wa kwanza ni "hapana", atajaza nyingine palepale na safari iendelee. Kama ana pumu au amefanyiwa upasuaji karibuni, ataanza kutafuta daktari wa kumsainia huku likizo inayoyoma. Hilo ndilo kosa ninaloliona kuliko yote, na ni la kusikitisha kwa sababu dawa yake ni kuziandika tarehe zote tatu kwenye karatasi moja siku ya kwanza. Na hata kabla ya miezi 12 kwisha, afya ikibadilika fomu hujazwa upya. Anayepona homa ya mapafu asijifiche nyuma ya saini ya miezi minne iliyopita.

Kabla ya kuomba chochote, angalia kama unahitaji. Aliyemaliza nadharia yote na kufaulu mtihani kwa kawaida hahitaji kuongezewa muda wa kusoma. Anachohitaji ni rekodi ya kumaliza. Aipakue, aihifadhi kwenye simu, nakala moja aitume kituoni. Anayehitaji nyongeza hasa ni yule aliyekwama katikati, tuseme sehemu tatu kati ya tano za nadharia.

Ombi liende kupitia kituo kilichomsajili mwanafunzi, kwa sababu ndicho chenye uhusiano na shirika. Barua pepe iwe na jina kama lilivyo kwenye akaunti, tarehe ya kuzaliwa, anwani ya barua pepe iliyotumika kujisajili, jina la kozi, amefikia wapi, sababu ya kukwama, na tarehe mpya inayoombwa. Maombi mengi hukwama hapo kwenye anwani. Mwanafunzi alijisajili kwa anwani ya kazini, akabadilisha kazi, akafungua akaunti ya pili kwa anwani nyingine; shirika linatafuta na kukuta akaunti tupu. Kosa jingine ni kuchanganya msimbo wa kufungulia kozi ambao haujatumika na kozi iliyokwisha kuanzwa. Hivyo ni vitu viwili, na ukiomba kimoja ukataja kingine utajibiwa kisichokuhusu. Omba wiki tatu au nne kabla ya mwisho. Tarehe ikishapita, huenda ukaambiwa ununue upya.

Uombe muda gani? Hapa wengi huhesabu vibaya. Wanahesabu kuanzia siku ya ombi, wakati hesabu sahihi huanzia siku kikwazo kitakapoondoka. Kusi huvuma takriban Mei hadi Septemba. Anayekwama Mei akipewa siku 30 hajapewa kitu: Juni bahari ya Diani na Watamu bado ina mawimbi na maji machafu, na vituo vingi hufunga kwa matengenezo. Huyo apelekwe hadi Januari au Februari, kaskazi likiwa limetulia na maji ni meupe. Unguja mambo ni tofauti kidogo, kwa kuwa upande wa magharibi hujikinga na kusi kuliko Paje na Jambiani. Mtu anaweza kumalizia huko Julai kwa siku nzuri bila kusubiri mwaka ugeuke. Dhoruba ni jambo jingine kabisa. Kimbunga Hidaya kilipofika Mafia tarehe 4 Mei 2024 kilivuruga safari za baharini, lakini kikazimika haraka. Kwa kikwazo cha namna hiyo wiki chache zinatosha.

Mwaka 2020 ulitufundisha hesabu hii kwa nguvu. Kenya ilisimamisha ndege za abiria kutoka nje tarehe 25 Machi, Mombasa, Kilifi na Kwale zikafungwa kuanzia 8 Aprili, Kilifi na Kwale hadi mapema Juni na Mombasa hadi 7 Julai, na ndege za kimataifa zikarudi 1 Agosti. Nyongeza ya mwezi mmoja mmoja ingekwisha mara tatu kabla mwanafunzi hajaruhusiwa hata kuingia Mombasa.

Nyongeza ikipatikana, kazi ngumu ndiyo inaanza, kwa sababu kumbukumbu ya mwanafunzi haiongezwi na shirika. Kanuni ninayotumia ni yangu, si ya shirika lolote. Akikaa chini ya miezi mitatu tangu bwawani, maswali ya mdomo yanatosha. Miezi mitatu hadi sita, maswali pamoja na kipindi kimoja bwawani. Zaidi ya sita, anarudia mazoezi yote ya bwawani, hata kama fomu yake inasema aliyamaliza. Maswali yenyewe yawe machache na yaguse yanayoua au kuumiza: kwa nini hubani pumzi ukipanda, masikio yakigoma kusawazisha unafanya nini, gesi ikikuishia ukiwa mita 12 unamfuata nani na kwa ishara gani, shinikizo la mtungi likifika baa 50 unatakiwa uwe wapi. Akisita kwenye la kwanza, simamisha hapo na urudi kwenye somo.

Bwawani, anza na kufunga vifaa. Mtu aliyekaa miezi sita atafunga regulata, yaani kifaa cha kupumulia, kinyumenyume, atasahau kufungua valvu ya mtungi, na mkono wake utatafuta kitufe cha kutoa hewa mahali kisipo. Ni afadhali yatokee kwenye maji ya mita moja na nusu. Halafu maski iliyojaa maji, kuipata regulata iliyomtoka mdomoni, kupumua kwa regulata ya pili ya mwenzake, na kuelea bila kugusa chini.

Uzito nao hudanganya. Kwenye kumbukumbu ya bwawani pameandikwa "kilo 4", mwanafunzi anavaa kilo 4 baharini na hazami. Maji ya chumvi ni mazito kwa takriban asilimia 2.5, kwa hiyo mtu ambaye pamoja na vifaa vyake anafika kilo 100 anahitaji kama kilo mbili na nusu zaidi, bado hujahesabu suti nene. Pima upya juu ya maji: jaketi la kuelea likiwa halina hewa na pumzi ya kawaida kifuani, maji yamfike usawa wa macho. Ukipima na mtungi uliojaa, ongeza takriban kilo 2, kwa sababu mtungi wa alumini huwa mwepesi unapokaribia kwisha.

Jambo lisilosogezwa na nyongeza yoyote ni mwendo wa mizamio ya baharini. Ile minne hufanywa kwa siku zisizopungua mbili, na kwa siku moja haizidi mitatu. Mwanafunzi akifika siku moja kabla ya tarehe kwisha na kuomba "tumalize leo", jibu ni hapana. Baada ya mzamio wa mwisho asubiri saa 18 kabla ya kupanda ndege. Kwa wanaotoka bara, siku tatu kamili ndiyo hesabu yangu ya chini.

Watoto waangaliwe kwa jicho lao. Aliyeanza na miaka 11 alikuwa na kikomo cha mita 12. Akirudi ametimiza 12, kikomo kimebadilika, na suti aliyopimiwa haimtoshi tena.

Ujumbe wa kumtumia mwanafunzi uwe mfupi, wenye tarehe, bila maelezo ya hali ya hewa. Kwa mfano: "Habari za leo dada. Akaunti yako ya masomo imeongezwa hadi 31 Machi. Fomu yako ya afya inaisha 18 Februari, tafadhali jaza mpya kabla ya kukata tiketi. Fomu ya uhamisho ni hadi 5 Aprili. Siku ya kwanza tutaanzia bwawani saa mbili asubuhi, baharini kuanzia siku ya pili." Utume siku nyongeza inapothibitishwa, na utume tena wiki sita kabla ya tarehe iliyo karibu zaidi. Kwa dada huyu tarehe hiyo ni 18 Februari, si 31 Machi.